Zafarani kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro: kuotesha, kuvuna na kupikia

Tunguu la zafarani ukilichomeka ardhini Arusha litaota karibu mwezi wowote. Litatoa majani membamba kama nyasi, yatasimama miezi kadhaa, kisha yatakauka bila ua hata moja. Mwenye bustani atalaumu udongo, samadi, au aliyemuuzia. Mara nyingi tatizo lilianza kabla jembe halijagusa ardhi: tunguu halikulala kwenye joto la kulitosha, au liliamshwa mahali ambapo ubaridi haukufika. Mambo haya mawili yakikaa sawa, kazi iliyobaki ni ya bustani ya kawaida. Na huku kwetu tuna kitu ambacho sehemu nyingi za nchi hazina: joto la Moshi mjini na ubaridi wa mlimani, umbali wa safari moja ya daladala.

Mmea unataka nini

Zafarani, ambayo wataalamu huiita Crocus sativus, haina mbegu. Ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo ni tasa. Kila mmea umetokana na tunguu lililozaa matunguu mengine. Ua lake ni la zambarau, lina petali sita, stameni (vijiti vyenye chavua) tatu za njano, na katikati nyuzi tatu nyekundu zilizoungana chini. Nyuzi hizo zikikaushwa ndizo zafarani ya jikoni. Maua kama 150 hutoa gramu moja, na kila ua huchumwa na kuchambuliwa kwa mkono. Bei yake inaanzia hapo.

Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Iran, hasa eneo la Khorasan. Nyingine hutoka Kashmir, Afghanistan, Uhispania, Ugiriki na Morocco. Kote huko mwaka una sura moja. Kiangazi ni kikavu na cha joto kali, na tunguu limelala ardhini bila jani wala mzizi. Kwa nje halifanyi kitu, lakini ndani ya kichipukizi chake ua linajengwa. Hali ya hewa inapopoa, ua linachomoza, mara nyingi kabla ya majani. Kisha majani yanakula jua msimu wote wa baridi na kutengeneza matunguu mapya, na joto likirudi yanakauka.

Kwa vipimo: ua hujengeka vizuri tunguu likikaa kwenye nyuzijoto 23 hadi 27 kwa siku 90 hadi 150. Chini ya siku 50 usitegemee maua. Ukizidisha sana siku 150, vichipukizi vinaanza kufa ndani kwa ndani, na joto likipita 30 maua yanapungua. Baada ya hapo tunguu linataka kushushwa hadi karibu nyuzijoto 17 ndipo ua litoke. Urefu wa mchana hauna uzito mkubwa, na hilo ni jema kwetu tulio karibu na Ikweta.

Kalenda ya huku

Moshi mjini uko kati ya mita 800 na 900 hivi kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini karibu mita 1,400. Kila ukipanda mita 100 hewa hupoa kwa kama nusu nyuzijoto na zaidi kidogo. Chumba cha kawaida Moshi mjini, kuanzia Desemba hadi Aprili, hukaa karibu kabisa na joto ambalo tunguu linataka likiwa limelala. Miezi ya Mei hadi Agosti, maeneo ya mita 1,600 kwenda juu, kama Kibosho ya juu, Marangu ya juu au miteremko ya Meru, hukaribia ubaridi unaotoa ua. Basi mpango unaopatana na mahitaji ya mmea ni huu:

Desemba hadi Aprili: matunguu yamelala ndani, mahali pa joto.
Mwanzo wa Mei hadi Juni: matunguu kwenye trei, chumba cha baridi, maua yanatoka.
Juni hadi Novemba: yamepandwa kwenye tuta, majani yanafanya kazi.
Mwisho wa Novemba: kuchimba, kukausha, kurudisha ndani.

Faida ya pili ya kalenda hii ni kwamba masika yote, kuanzia Machi hadi Mei, yanapita matunguu yakiwa ndani. Hii si faida ndogo. Tunguu lililolala kwenye udongo uliolowa linaoza, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Kutoa maua ndani kwenye trei bila udongo wala maji linaweza kuonekana jambo la ajabu, lakini lina msingi: tunguu kubwa linabeba akiba yote ya kulisha ua lake. Udongo linauhitaji baadaye, wakati wa kuzaa. Njia hiyo hutumika Kashmir na sehemu nyingine, na kwa nchi yenye mvua mbili kama yetu ndiyo njia ya kushika.

Kununua matunguu

Usinunue kwa idadi, nunua kwa uzito wa tunguu moja. Lenye gramu 10 au zaidi litatoa ua moja hadi matatu. La gramu 8 hutoa moja. Chini ya gramu 5 halitoi kitu mwaka huo. Linahitaji msimu mmoja au miwili kunenepa kwanza. Wauzaji wengi hutaja mzingo badala ya uzito, kwa hiyo taka mzingo wa sentimita 9 au 10 kwenda juu. Tunguu zuri ni gumu ukilibana, lina maganda makavu ya nyuzinyuzi rangi ya kahawia, na halina harufu ya uvundo. Menya ganda kidogo utazame: nyama iwe nyeupe. Doa la kahawia linalobonyea ni kuoza kumeanza.

Kwa matumizi ya nyumbani anza na matunguu 200. Yakichanua wastani wa ua moja na nusu utapata maua 300, yaani gramu 2 kavu, na gramu 2 zinatosha biriani kumi za kilo moja ya mchele. Anayeota ekari nzima mwaka wa kwanza asubiri. Ajue kwanza chumba chake kina nyuzijoto ngapi saa kumi alfajiri.

Kuagiza kutoka nje kunataka kibali kabla ya mzigo kuondoka huko. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Omba kibali cha kuingiza mimea, kisha muuzaji naye atoe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Matunguu yaje yamesafishwa, bila udongo. Anayeyapitisha kwenye begi anahatarisha zaidi ya mzigo wake, kwa sababu ugonjwa wa kuvu ukishaingia kwenye udongo wa Tengeru au Machame utawasumbua na wakulima wa vitunguu na maua.

Zingatia sana yanakotoka. Matunguu ya Uholanzi na Uhispania husafirishwa Julai hadi Septemba, ua likiwa tayari limejengeka ndani. Yakikufikia mwezi wa nane yapeleke moja kwa moja kwenye ubaridi. Yatachanua Septemba au Oktoba, kisha majani yatakua katika miezi ya joto na kufa mapema. Itakuchukua misimu miwili au mitatu kuyasogeza hadi kwenye kalenda ya hapo juu, kila mara ukiyachimba majani yanapokauka na kuyapa siku zake za joto. Matunguu ya nusu ya kusini ya dunia, kama New Zealand na Tasmania, huchimbwa mwisho wa mwaka na yanaingia kwenye kalenda yetu bila kusukumwa. Ukiweza kuchagua, chagua hayo hata kama nauli ni kubwa zaidi.

Usingizi wa joto, Desemba hadi Aprili

Panga matunguu tabaka moja kwenye kreti za mbao au trei zenye matundu, yasilaliane. Chumba kiwe na giza au mwanga hafifu, hewa ipite, panya wasipate njia. Ning'iniza kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, kimo cha trei, si darini. Andika vipimo asubuhi na jioni.

Moshi mjini, chumba chenye dari kitatosha bila msaada. Chumba kisicho na dari chini ya bati hakifai. Mchana wa Februari kitapita 30. Arusha mjini usiku utakuangusha, kwa sababu hata miezi ya joto hewa hushuka sana baada ya saa sita za usiku. Tengeneza kasha la mbao lenye matundu, weka ndani balbu ya wati 40 ya zamani inayotoa joto, na uiunganishe na kidhibiti joto kinachotumika kwenye mashine za kutotoleshea vifaranga. Kirekebishe kiwashe kwenye 24 na kuzima kwenye 26. Balbu iwe mbali na matunguu angalau sentimita 40, na weka bakuli la maji ndani ili hewa isikauke mno.

Kila wiki yapitie yote kwa mkono. Lenye ukungu wa kijani au sehemu laini litoe nje siku hiyo hiyo. Usilikate na kurudisha kipande kilichobaki. Zikifika siku 90 toa sadaka tunguu moja: pasua kichipukizi chake kikubwa kwa wembe na utazame kwa lenzi. Ukiona vijiti vidogo vitatu katikati ya vijipetali, ua lipo na unaweza kuanza kupoza. Ukiona majani matupu yaliyokunjamana, ongeza wiki tatu.

Tunguu kubwa huwa na vichipukizi vingi. Acha viwili au vitatu vikubwa vya juu, vingine vitoe kwa kidole. Usipofanya hivyo utapata matunguu mengi mwakani, lakini madogo, yasiyotoa maua.

Kutoa maua, Mei na Juni

Peleka trei mlimani, kwenye chumba cha matofali chenye sakafu ya saruji upande usiopigwa na jua. Panga matunguu yakigusana, ncha juu. Usiyamwagilie. Yakilowa yatatoa mizizi mapema na kuvuta ukungu.

Kinachotakiwa sasa ni nyuzijoto 15 hadi 17 na hewa yenye unyevu. Fungua madirisha jioni, yafunge saa moja asubuhi kabla jua halijachoma, na mchana ning'iniza magunia yaliyoloweshwa madirishani. Mchana ukifika 20 kwa saa chache hakuna madhara makubwa. Ukishinda kwenye 23 kila siku, ua hukauka likiwa bado ndani ya ala yake nyeupe. Dalili ni ncha inayogeuka kahawia na kuwa kama karatasi. Hewa kavu huleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo tazama kipimajoto kwanza kabla ya kuongeza maji kwenye magunia.

Ala nyeupe zikianza kurefuka, ruhusu mwanga wa dirishani. Gizani ua hutoka jembamba na rangi yake ni dhaifu. Kuanzia ubaridi ulipoanza hadi ua la kwanza huchukua wiki tatu hadi sita, na maua hutoka kwa mafungu kwa wiki mbili au tatu.

Kuvuna na kuchambua

Chuma asubuhi na mapema, ua likiwa bado limefumba au linaanza tu kufunguka. Likishapanuka nyuzi huchafuka kwa chavua ya njano, na siku ya pili zinaanza kunyauka na kupoteza harufu. Kila siku ya msimu ina uvunaji wake, hata Jumapili.

Kata ua chini kwa ukucha, liweke kwenye ungo mpana, usiyarundike. Chambua siku hiyo hiyo. Kaa mahali pasipo na upepo na uwe na sahani nyeupe na mikono mikavu. Fungua petali, shika nyuzi tatu mahali zinapoungana, kata pale wekundu unapoishia na njano kuanza. Ukiacha kipande cha njano nyuzi zinabaki pamoja na uzito unaongezeka, lakini kipande hicho hakina rangi wala harufu ya maana. Kwa jikoni mwako acha nyekundu tupu.

Tahadhari moja ambayo haina mjadala: lipo ua jingine linaloshabihiana na hili, Colchicum autumnale, lenye sumu inayoua. Tofauti iko kwenye stameni. Zafarani ina tatu. Hilo lina sita. Ukiona sita kwenye matunguu uliyonunua, yatoe yote, usionje chochote. Matunguu ya zafarani yenyewe pia si chakula, wala mifugo isipewe.

Kukausha

Hapa ndipo ladha inapotengenezwa au kuharibiwa. Uzi mbichi hauna harufu kubwa. Una kitu chungu kiitwacho pikrokrosini, na joto la kukaushia ndilo linalokivunja na kuanza kutoa safranali, harufu yenyewe ya zafarani. Rangi ni ya krosini, nayo huchujuka kwa jua. Kwa hiyo usianike juani, hata kwa nusu saa.

Kwa oveni yenye kipimo cha kuaminika: tandaza nyuzi tabaka moja kwenye karatasi ya kuokea, nyuzijoto 55 hadi 60, dakika 30 hadi 50, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Oveni nyingi za gesi haziwezi kushuka hivyo. Mbadala wake: chemsha maji kwenye sufuria pana, yatoe jikoni, funika kwa sahani bapa ya chuma iliyokauka, tandaza nyuzi juu yake. Maji yakipoa badilisha. Mara mbili au tatu zinatosha. Mkaa sikushauri. Moshi wake unaingia kwenye nyuzi dakika chache tu na hautoki tena.

Pima kwa mizani ya sonara, ile inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Gramu 5 mbichi zikibaki gramu 1, zimekauka. Uzi unakatika ukiukunja badala ya kupinda. Ukiishia kwenye gramu 1.3 ukungu utaota ndani ya chupa. Ukishuka hadi 0.8 umezichoma na zitasagika kuwa vumbi.

Zikishapoa, tia kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko kinachobana, izungushie karatasi ya fedha, weka kabatini mbali na jiko. Ziache mwezi mmoja kabla ya kutumia. Harufu inakua humo chupani. Zitabaki nzuri kwa miaka miwili hivi.

Kupanda tuta na kuzalisha matunguu

Maua yakiisha usiyaache matunguu kwenye trei zaidi ya wiki moja, majani yatarefuka na kulala. Tuta liwe limeandaliwa tangu Mei.

Mahali pawe na jua la siku nzima. Kihamba chenye migomba na kahawa hakifai, hata kama udongo wake ni mzuri namna gani, kwa sababu majani ya zafarani kivulini hayatengenezi tunguu. Kaa mbali na mfongo pia; maji yanayopenya pembeni mwa mfereji huozesha matunguu usiku kucha bila wewe kuona. Udongo wetu mwingi ni wa volkano, una rutuba ya kutosha lakini sehemu nyingine unashika maji. Jaribu hivi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakinywewa, lijaze tena. Maji ya pili yakikaa zaidi ya saa nne, inua tuta sentimita 25 na uchanganye mchanga wa mtoni ndoo mbili kwa kila mita ya mraba.

Tia samadi iliyooza kabisa, kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba, na konzi mbili za jivu. Samadi mbichi huleta kuvu. Mbolea za naitrojeni ziache. Utapata majani marefu na matunguu membamba.

Panda kina cha sentimita 12 hadi 15, nafasi ya sentimita 10 kati ya tunguu na tunguu, sentimita 20 kati ya mistari. Mita moja ya mraba inabeba 50. Kina kifupi huzaa matunguu mengi madogo, kina kirefu huzaa machache makubwa, na wewe unataka makubwa. Mwagilia mara moja baada ya kupanda, kisha lita 10 hadi 15 kwa mita ya mraba kwa wiki isiyo na mvua. Palilia kwa mkono. Jembe linakata majani, na kila jani lililokatwa ni tunguu dogo zaidi.

Adui mkubwa huku ni fuko. Anakuja chini kwa chini, anakula mstari mzima na kukuachia majani yaliyosimama kama hayajaguswa, hadi uyavute. Kabla ya kupanda, chimba tuta lote sentimita 30, tandaza waya wa kuku wenye matundu madogo chini na pembeni, kisha rudisha udongo. Ni kazi nzito ya siku moja, lakini bila hiyo sioni sababu ya kupanda mahali penye fuko. Maeneo yanayopakana na msitu yana nungu pia, nao wanahitaji uzio.

Majani yakianza kuwa njano ghafla mwezi wa saba au nane, ng'oa mmea mmoja. Ukikuta kahawia kwenye kitako cha tunguu, ni fuzari, kuvu wa udongoni. Ng'oa na majirani zake, choma, na usirudishe zafarani hapo kwa miaka kadhaa. Njano ya Oktoba na Novemba ni ya kawaida. Hapo acha kumwagilia, na vuli ikianza funika tuta kwa nailoni iliyoinuliwa kwa fito, pembeni kukiwa wazi.

Theluthi mbili ya majani yakishakauka, chimba kwa uma wa shambani. Tunguu mama limesinyaa na juu yake wamekaa watoto watatu hadi watano. Watenganishe, anika kivulini siku tatu hadi tano, ondoa maganda ya nje yaliyolegea, kisha pima mmoja mmoja. Wenye gramu 8 kwenda juu ni wa maua. Wadogo nao walale kwenye joto, lakini Mei wapande moja kwa moja kwenye tuta lao, kina cha sentimita 10, bila kuwasubiria ua.

Kununua bila kudanganywa

Kabla mavuno yako hayajafika utanunua dukani, na hapo kuna mengi. Poda ya rangi ya machungwa inayouzwa kwa jina la zafarani mara nyingi ni rangi ya chakula tu. Nunua nyuzi. Uzi wa kweli una upande mmoja mwembamba na mwingine uliopanuka kama tarumbeta. Vipetali vya kartamu, mmea wa ukoo wa alizeti, havina tarumbeta.

Weka nyuzi tano kwenye maji ya baridi. Za kweli huachia rangi ya dhahabu polepole, kwa dakika kumi na zaidi, na zenyewe hubaki nyekundu. Maji yakiwa mekundu papo hapo na uzi ukapauka, umepakwa rangi. Poda ukiitilia shaka, ichanganye na maji ya magadi: yenye bizari ya manjano ndani yake itageuka wekundu wa kahawia.

Jikoni

Zafarani haimwagwi sufuriani ikiwa kavu. Utapoteza sehemu ya rangi yake. Kiasi cha kilo moja ya mchele ni gramu 0.2, karibu nyuzi 90. Zisage kwenye kinu kidogo na chembe za sukari, zinasaidia kusaga. Mimina maji ya moto yasiyochemka vijiko vinne vya chakula, funika, ziache dakika 20 au zaidi. Yakiwa na rangi nzito ya machungwa yako tayari. Tia mwishoni mwa mapishi, kwa sababu harufu huondoka na mvuke.

Kwenye pilau usiitie. Binzari nyembamba, karafuu na kitunguu kilichokaangwa hadi kahawia vitaimeza yote. Mahali pake ni biriani. Andaa sosi yako ya nyama kama kawaida: nyama kilo moja na nusu iliyolala na mtindi nusu lita, tangawizi, kitunguu saumu na kipande cha papai bichi, ikaiva na nyanya na vitunguu vya kukaanga hadi iwe nzito. Mchele kilo moja, wa nafaka ndefu, uloweke nusu saa, uchemshe kwenye maji mengi yenye chumvi, iliki na mdalasini. Uchuje ukiwa na kiini kigumu kidogo katikati, kama dakika sita au saba. Rudisha theluthi moja sufuriani juu ya samli kidogo, nyunyiza theluthi moja ya maji ya zafarani. Endelea hivyo tabaka tatu. Usikoroge. Punje nyingine zibaki nyeupe, nyingine za dhahabu. Funika kwa kitambaa chini ya mfuniko, moto mdogo kabisa dakika 20. Ukikoroga, wali wote unakuwa na rangi moja iliyofifia na unakatika.

Shira ya kaimati: sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, iliki nne zilizopondwa, chemsha hadi ivute uzi kidoleni. Zima moto ndipo utie nyuzi 20 zilizolowekwa. Maziwa lita moja yanatosheka na nyuzi 20 hadi 25, iliki mbili na sukari. Pasha bila kuchemsha, acha dakika kumi kabla ya kunywa. Kahawa ya Moshi nayo inaipokea, mradi iwe imekaangwa kidogo. Iliyokaangwa hadi nyeusi inaifunika.

Viwango hivi vya jikoni ni salama. Kinachodhuru ni kula nyingi kama dawa: gramu 5 kwa mara moja ni sumu, na mjamzito asivuke kiasi cha kwenye chakula. Ukijikuta unaongeza ili upate rangi zaidi na ladha imeanza kuwa chungu kama dawa ya hospitali, umeshapita kipimo. Punguza nyuzi na uongeze muda wa kuloweka.